Nani Anaagiza Beringi? Kuporomoka kwa Sekta ya Mafuta ya Venezuela na Somo Lake Kwetu

Mwezi Septemba 2006, Rais Hugo Chávez wa Venezuela aliposimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kumwita Rais wa Marekani shetani, mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Bwenini tulishangilia kama timu yetu imefunga bao. Kwa kizazi chetu, kilichokua kikishuhudia mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine, mtu aliyethubutu kusema kwamba mafuta ya nchi ni mali ya wananchi alikuwa shujaa. Niliandika insha ndefu ya kumtetea na nikapata alama nzuri.

Likizo ilipofika nilimsimulia habari hizo mjomba wangu, fundi mchundo aliyestaafu katika kiwanda kimoja cha nguo cha serikali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Sawa, mjomba. Mafuta wameyachukua. Sasa beringi nani anaagiza?"

Nilicheka. Nililiona kuwa swali la mtu anayeitazama dunia kupitia sanduku la spana. Lakini yeye alikuwa akizungumzia jambo aliloliishi. Kiwandani kwao, mashine hazikufa kwa sababu serikali ilizimiliki. Kwa miaka kadhaa ziliendeshwa na serikali hiyo hiyo na zikafuma vitambaa. Zilianza kufa pale maombi ya vipuri yalipokaa miezi mezani bila saini, na mafundi wakaanza kunyofoa kifaa kwenye mashine moja ili kuiponya nyingine.

Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kukiri kwamba swali la mjomba lilikuwa na uzito kuliko insha yangu. Katika makala haya nataka kulijibu kwa kufuata historia ya Venezuela yenyewe. Hoja yangu ni hii: Venezuela haikupoteza sekta yake ya mafuta siku ilipoitaifisha, wala haikuipoteza siku ilipowekewa vikwazo. Iliipoteza polepole, pale dola ilipodhani kwamba kumiliki kisima ni sawa na kuwa na uwezo wa kukiendesha.

Kutoka kisima cha Zumaque hadi Baghdad

Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1914 katika kisima cha Zumaque, eneo la Mene Grande, mashariki ya Ziwa Maracaibo. Ulimwengu uliishtukia Venezuela Desemba 1922, kisima cha Barroso karibu na mji wa Cabimas kilipolipuka na kurusha mafuta hewani kwa siku 9, kwa kiasi kilichokadiriwa kufikia mapipa 100,000 kwa siku. Kabla muongo huo haujaisha, nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani na ya kwanza kwa kuuza nje. Mtawala wa kiimla Juan Vicente Gómez aligawa vitalu kwa makampuni ya kigeni kwa masharti laini, na utajiri ukaenda kwa wachache.

Wavenezuela hawakunyamaza. Sheria ya mwaka 1943 iliongeza mapato ya dola, na mwaka 1948 ukawekwa mgawo wa faida wa nusu kwa nusu, mfano ambao baadaye ulifuatwa Mashariki ya Kati. Septemba 1960, waziri wao Juan Pablo Pérez Alfonzo alikuwa mmoja wa waasisi wa OPEC mjini Baghdad. Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba madai ya umiliki wa taifa yalizuka na Chávez. Ni madai ya kihistoria, ya haki, na yalijengwa na watu makini.

Utaifishaji uliofanya kazi

Mwaka 1970 uzalishaji ulifika kilele cha takriban mapipa milioni 3.7 kwa siku. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyosema kwamba mikataba ya makampuni itakapokwisha, kuanzia mwaka 1983, mitambo yote itarudi mikononi mwa taifa bila fidia. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu cha busara: makampuni yalitakiwa kuchangia mfuko wa dhamana ili mitambo itakaporejeshwa iwe katika hali nzuri. Watunga sheria wale walijua kwamba mwenye nyumba asiyekagua paa hukabidhiwa kuta tu. Hata hivyo makampuni, yakijua kwamba yanaondoka, yalipunguza uwekezaji, na uzalishaji ukaanza kushuka.

Tarehe 1 Januari 1976, chini ya Rais Carlos Andrés Pérez, sekta ilitaifishwa na shirika la PDVSA likaanza kazi. Kilichofuata hakifanani na hadithi tunazozizoea. Badala ya kuyavunja makampuni yaliyokuwepo na kuanza upya, serikali iliyapa majina mapya na kuyaacha na wahandisi wake, mafundi wake na taratibu zake. Creole, iliyokuwa mali ya Exxon, ikawa Lagoven. Shell ikawa Maraven. Ilianzishwa pia taasisi ya utafiti, Intevep, iliyobuni namna ya kuyachanganya mafuta mazito na maji yakawa nishati ya mitambo ya umeme. PDVSA ilinunua nusu ya kampuni ya CITGO ya Marekani mwaka 1986 na nusu iliyobaki mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikizalisha zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku.

Shirika hilo lilikuwa na kasoro zake. Viongozi wake walijiona kuwa dola ndani ya dola, walificha mahesabu yao, na maskini wa vilima vya Caracas hawakuona faida ya mapipa hayo. Hasira iliyomwingiza Chávez madarakani Desemba 1998, wakati bei ya pipa ikiwa imeshuka hadi karibu dola 10, ilikuwa ya haki. Lakini kama shirika la umma, PDVSA ya wakati huo ni ushahidi kwamba utaifishaji peke yake hauui sekta. Wanaotumia mfano wa Venezuela kutetea ubinafsishaji wa kila kitu huiruka sura hii.

Watu waliondoka kabla ya mitambo

Desemba 2002, wafanyakazi na mameneja wa PDVSA walijiunga na mgomo wa kitaifa uliolenga kumng'oa Chávez. Ulidumu hadi Februari 2003 na ukazima karibu uzalishaji wote. Kuizima sekta nyeti ya nchi ili kumwondoa rais aliyechaguliwa hakukuwa kitendo cha kizalendo, na serikali ilikuwa na haki ya kuchukua hatua. Ila hatua iliyochukuliwa ilivuka mpaka. Watu wapatao 18,000, karibu nusu ya wafanyakazi wote, walifukuzwa. Hawakuwa wanasiasa wote. Walikuwamo wataalamu wa miamba, mafundi sanifu wa pampu, na watunza bohari waliojua kila vali iko rafu gani.

Wengi walihama. Walikwenda Alberta nchini Kanada, Houston, Mashariki ya Kati, na jirani tu Kolombia, ambako waliajiriwa na makampuni ya huko. Uzalishaji wa Kolombia ulipanda kutoka takriban mapipa 530,000 kwa siku mwaka 2006 hadi karibu milioni 1 mwaka 2013. Wavenezuela waliofukuzwa kwao walikuwa na mchango katika ongezeko hilo.

Ndani ya PDVSA idadi ya wafanyakazi iliongezeka badala ya kupungua. Baada ya miaka michache walikuwa zaidi ya 100,000. Lakini wengi waliingizwa kwa kigezo cha utii. Mwaka 2006 Rafael Ramírez, aliyekuwa waziri wa mafuta na mkuu wa shirika kwa wakati mmoja, aliwaeleza wazi wafanyakazi kwamba shirika ni la upande wa mapinduzi. Utii ni kitu kizuri, lakini hausomi geji ya mgandamizo.

Ankara zisizolipwa

Hapa ndipo swali la mjomba linapoingia. Ili tulielewe, tuangalie mafuta hayo yanavyotolewa.

Visima vikongwe vya Ziwa Maracaibo havitoi mafuta kwa nguvu zake vyenyewe. Gesi hushindiliwa kwa kompresa na kusukumwa ndani ya kisima ili kuyafanya mafuta mepesi yapande juu. Kwingine husukumwa maji ardhini ili kulinda mgandamizo. Kompresa ikizima, kisima kinazima. Isitoshe, visima hivyo viko majini, kwa hiyo kila fundi, kila bomba na kila boliti hufikishwa kwa boti. Na visima vikongwe visipohudumiwa, uzalishaji wake hupungua kwa kasi ambayo wataalamu wa nchi hiyo huikadiria kufikia hata robo kila mwaka. Hii ni sekta inayokimbia ili ibaki pale pale.

Kazi nyingi za namna hiyo PDVSA haikuzifanya yenyewe. Zilifanywa na wakandarasi: wenye boti, wenye kompresa, wenye karakana, wenye mitambo ya kuchimba. Bei ya mafuta iliposhuka kutoka dola 147 Julai 2008 hadi chini ya dola 40 Desemba mwaka huo, PDVSA iliacha kuwalipa. Madeni yakafika mabilioni ya dola. Wakandarasi walianza kupunguza kazi.

Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Serikali ya Caracas ilipata dawa nyingine. Mei 2009 ilipitishwa sheria iliyoziweka huduma hizo chini ya dola. Wanajeshi walikwenda Ziwa Maracaibo na kutwaa mamia ya vyombo vya majini, pamoja na magati na karakana. Maelfu ya wafanyakazi wa wakandarasi wakawa wafanyakazi wa PDVSA kwa siku moja. Kampuni za Williams na Exterran zilipoteza mitambo yao ya kushindilia gesi. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Helmerich & Payne, kampuni ya kuchimba visima iliyokuwa imesimamisha mitambo yake 11 kwa sababu ya kutolipwa. Juni 2010 mitambo hiyo ilitaifishwa. Kesi yake ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2017.

Siku zile nilizisoma habari hizi kama ushindi mwingine dhidi ya mabeberu. Leo nazisoma kwa jicho la mjomba. Mdaiwa alimnyang'anya mdai vyombo vyake vya kazi. Aliyepoteza si Helmerich & Payne pekee, bali pia mwenye karakana ndogo wa Cabimas, Mvenezuela, aliyekuwa akikarabati injini za boti kwa mkopo. Na kila muuzaji wa vipuri duniani aliyesikia habari hizo aliongeza kitu kwenye bei yake, au alidai fedha taslimu kabla ya kupakia mzigo. Mitambo ilibaki Venezuela, lakini mnyororo wa kuihudumia ulikatika.

Ofisi ya ununuzi

PDVSA ilikuwa na tawi lake maalumu la ununuzi lililoitwa Bariven. Kazi yake ilikuwa kununua vali, pampu, mabomba na kemikali. Kati ya mwaka 2007 na 2008, nchi ilipokumbwa na uhaba wa chakula, tawi hilo hilo lilipewa kazi ya kuagiza chakula kwa ajili ya maduka ya serikali yaliyoitwa PDVAL. Mwaka 2010 makumi ya maelfu ya tani za chakula yaligunduliwa yakioza kwenye makontena bandarini. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya na atafakari: ofisi iliyotakiwa kujua tofauti ya vali mbili ilikuwa ikishughulika na maziwa ya unga na kuku. Nia ilikuwa kulisha watu. Watu hawakula, na vali hazikufika.

Kisha rushwa ikaota mizizi. Desemba 2015 wafanyabiashara Roberto Rincón na Abraham Shiera walifunguliwa mashtaka nchini Marekani, na mwaka 2016 walikiri mahakamani kwamba waliwahonga maofisa wa PDVSA ili wapate zabuni za vifaa. Kesi zilizofuata zilionesha jambo baya zaidi. Kwa kuwa shirika lilikuwa na madeni mengi kuliko fedha, nafasi katika orodha ya wa kulipwa kwanza nayo ilikuwa ikiuzwa. Mzabuni mwaminifu aliyeleta kompresa nzima alisubiri. Aliyetoa bahasha alilipwa. Baada ya muda waaminifu huacha kuleta zabuni, na shirika hubaki na wale wanaopandisha bei ya kifaa ili kufidia bahasha.

Agosti 2012 mlipuko uliotokana na uvujaji wa gesi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Amuay uliua watu zaidi ya 40. Serikali ilidai kuna hujuma. Wakosoaji, wakiwamo wahandisi wa zamani wa shirika, walitaja matengenezo yaliyoahirishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Amuay ulijengwa juu ya makaburi.

Bei iliporomoka tena mwaka 2014, na safari hii hapakuwa na akiba. Mwaka 2016 Schlumberger ilitangaza kupunguza shughuli zake kwa sababu ya kutolipwa. Novemba 2017 Rais Nicolás Maduro alimteua jenerali wa Gadi ya Taifa, Manuel Quevedo, asiye na uzoefu wa mafuta, kuongoza wizara na shirika kwa pamoja.

Je, si vikwazo?

Wanaharakati wenzangu watauliza: mbona humtaji Marekani? Namtaja. Vikwazo vya kifedha vya Agosti 2017 viliifanya PDVSA ishindwe kukopa na kupanga upya madeni yake. Vikwazo vya Januari 2019 viliifungia soko lake kuu, na vilikata pia nafta kutoka Marekani. Nafta hiyo ilikuwa kiungo cha lazima, kwani mafuta ya ukanda wa Orinoco ni mazito mno. Bila kuchanganywa na kitu chepesi hayatembei bombani. Uzalishaji ulishuka hadi chini ya mapipa 400,000 kwa siku katikati ya mwaka 2020, na nchi yenye akiba ya takriban mapipa bilioni 300, kubwa kuliko zote zilizotangazwa duniani, ikapokea petroli kwa meli kutoka Irani. Watu walilala kwenye foleni za vituo vya mafuta. Kuwaadhibu wananchi kwa namna hiyo ni dhulma, na sitaifichia maneno.

Lakini mwanahistoria hana budi kufuata tarehe. Kutoka mapipa zaidi ya milioni 3 mwishoni mwa miaka ya 1990, Venezuela ilikuwa imeshuka hadi takriban milioni 1.9 kabla ya vikwazo vya Agosti 2017. Kufikia mwisho wa 2018, kabla vikwazo vya mauzo havijawekwa, ilikuwa kati ya milioni 1.2 na 1.5 kutegemea nani anayehesabu. Vikwazo vilimpiga mgonjwa aliyekuwa tayari kitandani. Na viliweza kumpiga kwa urahisi kwa sababu shirika halikuwa na vipuri bohari, halikuwa na mafundi wa kubuni mbadala, na halikuwa na muuzaji aliyekuwa tayari kulikopesha. Asiyependa ubeberu ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi kuhusu matengenezo, maana adui hupitia pale palipoachwa bila kukarabatiwa.

Novemba 2022 Marekani iliiruhusu Chevron kupanua kazi zake nchini humo, na uzalishaji ukapanda kidogo. Fikirini maana yake: baada ya yote yale, vipuri na mafundi vilirudi kwa leseni iliyotolewa Washington.

Na sisi?

Afrika Mashariki si Venezuela. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza mwaka 1966, na kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963 na kusimama mwaka 2013, vyote viliacha kusafisha mafuta na sasa ni mahali pa kuyahifadhi. Sababu zake ni tofauti, na kubwa ni mitambo kuzeeka huku mafuta yaliyokwisha kusafishwa yakiingia kwa bei nafuu. Hata hivyo, tunaingia katika zama mpya. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta na huganda, hivyo bomba hilo lazima lipashwe joto njia nzima. Tanzania, kupitia TPDC, ina hisa ya asilimia 15, na Uganda, kupitia UNOC, ina asilimia 15. Tangu mwaka 2017 Tanzania ina sheria inayotangaza mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya rasilimali zao. Naiunga mkono.

Lakini tangazo la umiliki ni ukurasa wa kwanza tu. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ninayo maswali ambayo hayahitaji jukwaa la siasa. Mwaka wa kumi na tano wa bomba hilo, nani atajua kipuri kipi cha mfumo wa kupasha joto kimebaki bohari? Mzabuni wa ndani anayeleta mzigo leo analipwa baada ya siku ngapi? Je, fundi sanifu wetu anapewa kuifungua pampu, au anashika tochi tu wakati mgeni anaifungua? Mahesabu ya shirika yanachapishwa, au yanasubiri kashfa? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, nawaomba msiache kudai kwamba rasilimali ni zetu. Dai hilo nililitetea nikiwa na umri wenu na ninalitetea hata sasa. Ila mkiishia hapo mtakuwa mmefanya kosa nililolifanya mimi. Dai umiliki, halafu dai ripoti ya matengenezo. Andamana kwa ajili ya rasilimali, halafu uliza deni la wazabuni limefika wapi.

Mjomba hakuwahi kusoma sayansi ya siasa. Swali lake nimeliweka katika mtihani wa mwisho wa somo langu la historia ya uchumi, kwa maneno yake mwenyewe. Wanafunzi wengi hulicheka wanapoliona, kama nilivyocheka mimi. Wanaofaulu ni wale wanaoacha kucheka na kuanza kuandika.